Majeruhi wa ajali wapimwe masikio kabla ya kuruhusiwa

Ndugu Mhariri,

Habari za ajali za barabarani huishia pale pale kila siku: idadi ya waliofariki, kisha "majeruhi wamepatiwa matibabu na baadhi wameruhusiwa kurudi nyumbani." Hao walioruhusiwa ndio wanaonifanya niandike. Wametoka na nyuzi kichwani au mkono kwenye plasta, na PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi, imeandikwa "majeraha ya kichwa na mkono". Sikio halikutajwa kwa sababu hakuna aliyelichungulia. Wiki tatu baadaye mke analalamika kwamba mume amekuwa mkaidi, mwalimu anasema mtoto ameanza uvivu, na bosi anasema kijana siku hizi hasikilizi. Hasikii.

Sikio la ndani limekaa ndani ya mfupa wa panja, na sehemu inayolizunguka ni miongoni mwa mifupa migumu kuliko yote mwilini. Kichwa kikigonga nguzo ya mlango wa gari, hata huo hupasuka, na aina ya uziwi hutegemea ufa umepita wapi. Ufa unaolikwepa sikio la ndani, ambao ndio wa kawaida zaidi, huchana njia ya sikio, hutoboa ngoma, hujaza damu nyuma yake, au huachanisha vile vifupa vitatu vya nyundo, fuawe na kikuku. Kiungo kinachoachia mara nyingi ni cha fuawe na kikuku. Hapo sauti imekosa njia tu, na kwa kawaida kuna la kufanya. Ufa ukipita kwenye koklea yenyewe, yaani kile kiungo cha sikio la ndani kinachopokea sauti na kuipeleka kwenye ubongo, usikivu wa sikio hilo huondoka papo hapo, kikaja kizunguzungu kikali na kutapika, na wakati mwingine upande huo wa uso ukapooza.

Tena mfupa si lazima uvunjike. Mtikisiko peke yake unaweza kuumiza chembe za koklea, na sauti nyembamba ndizo hupotea kwanza: "s", "f", "sh", mlio wa simu, sauti ya mtoto. Mgonjwa anasikia kwamba unaongea, ila haelewi unasema nini, hasa penye makelele. Mfuko wa hewa nao, huu uliomo katika magari mengi tunayoagiza kutoka Japani, hufumuka kwa mlipuko ambao kilele chake kinaweza kuzidi desibeli 150. Umeokoa uhai, na hilo halina ubishi, lakini aliyefumukiwa na mfuko huo huku masikio yakivuma apimwe hata kama hana mkwaruzo.

Pale pale kwenye ajali kuna jambo moja la kuchunga kuliko yote. Damu au majimaji yakitoka sikioni, usizibe kwa pamba, usitie matone ya dawa, wala usipige maji kwa bomba la sindano ili "kusafisha". Majimaji maangavu yanaweza kuwa ya ubongo, na ukiyazuia au ukiingiza uchafu unafungulia mlango homa ya uti wa mgongo. Weka kitambaa safi juu ya sikio bila kukandamiza, na mwambie asipenge kamasi kwa nguvu. Akishalazwa hospitali, kichwa cha kitanda kiinuliwe. Tone likianguka kwenye kitambaa cheupe na kuacha damu katikati na duara la maji kuizunguka, daktari aarifiwe mara moja. Duara hilo si ushahidi kamili, ila linatosha kutia wasiwasi. Vilevile weusi wa michubuko nyuma ya sikio huonekana baada ya siku moja au mbili, kwa hiyo aliyetazamwa usiku wa ajali atazamwe tena.

Kipimo cha kwanza hakihitaji mashine wala umeme. Simama nyuma ya mgonjwa, urefu wa mkono mmoja, yaani kama sentimita 60, ili asisome midomo. Kwa kidole chako sugua taratibu kile kinyama kilicho mbele ya tundu la sikio ambalo hulipimi, ili lisisaidie. Toa pumzi yote kwanza. Ukinong'ona na mapafu yamejaa, sauti inakuwa kubwa na kipimo kinakudanganya. Nong'ona mchanganyiko wa namba na herufi, mfano "nne, K, mbili", naye arudie. Akikosea, mpe mchanganyiko mwingine. Asipopata angalau 3 kati ya 6, sikio hilo lipimwe kwa mashine. Kazi yote ni dakika mbili kwa mgonjwa aliye na fahamu zake, na muuguzi yeyote anaiweza.

Penye uma wa sauti wa hezi 512, ugonge na uusimamishe katikati ya paji la uso, uulize mlio unasikika upande gani. Ukielekea sikio bovu, tatizo liko kwenye njia ya sauti: damu, ngoma au vifupa. Ukikimbilia sikio zima, koklea au mshipa wa fahamu wa kusikia umeumia, na huyo asisubiri kliniki ya mwezi ujao. Zipo dawa za steroidi ambazo daktari anaweza kuamua kumpa akishapima hatari zake kwa mtu mwenye vidonda, lakini siku zinahesabika. Baada ya wiki 2 matumaini yake hupungua sana. Nasisitiza hili kwa sababu wengi huambiwa "ni damu imeganda, itayeyuka yenyewe." Kwa damu iliyo nyuma ya ngoma ni kweli, huisha kwa wiki chache. Kwa koklea si kweli, na uma huo mdogo ndio unaotofautisha.

Kuna picha pia. CT ya kawaida ya kichwa, ile picha inayoonyesha ndani ya mwili kipande kwa kipande, mara nyingi hutazamwa kwa vipande vya milimita 5, na ufa mwembamba wa mfupa wa panja unaweza kujificha katikati ya vipande viwili. Ripoti ikisema "hakuna ufa", haijamaanisha kwamba sikio lilitafutwa. Anayeomba picha aandike wazi: mfupa wa panja, vipande vya milimita 1 au pungufu.

Sasa niseme jambo ambalo hata sisi wa hospitali hatulipendi. Mfupa wa mguu uliotoka nje huwa hatarini kuoza, na sindano ya jentamisini, dawa ya kuua bakteria, hutumika sana kuzuia hilo. Ni dawa nzuri, lakini inaweza kuua chembe za koklea na za mizani ya mwili, na zikifa hazioti tena. Hatari hupanda dozi ikiwa kubwa, siku zikiwa nyingi, figo zikiwa dhaifu, na zaidi akipewa pamoja na furosemidi, dawa ya kuongeza mkojo. Majeruhi aliyepoteza damu nyingi figo zake huwa zimekwishatikiswa. Madhara yanaweza kujitokeza hata wiki kadhaa baada ya sindano ya mwisho. Kwa hiyo mgonjwa wa namna hii apimwe mkojo na kreatinini, kipimo cha damu kinachoonyesha hali ya figo, dozi ilingane na uzito wake, na aulizwe kila siku: masikio yanalia? Unayumba ukisimama? Akijibu ndiyo, dawa iangaliwe upya siku hiyo hiyo. Bila kipimo cha usikivu cha mwanzoni, hakuna atakayejua baadaye kama aliziwishwa na ajali au na sindano.

Audiogramu ya kwanza, yaani kipimo cha usikivu kwa mashine, ifanyike ndani ya wiki moja kama hali inaruhusu, kwa hewa (sauti ikipitia tundu la sikio) na kwa mfupa (mtetemo ukiwekwa kwenye mfupa wa nyuma ya sikio), kuanzia hezi 250 hadi 8,000 kwa upande wa hewa. Kipimo kikiishia hezi 4,000 sauti nyembamba kabisa hazijaguswa. Irudiwe baada ya wiki 6 na tena baada ya miezi 3. Matundu mengi ya ngoma hujifunga yenyewe ndani ya miezi 3 sikio likikaa kavu. Anayeoga aweke pamba yenye vaselini, ikiwa daktari amekwisha thibitisha kwamba hakuna majimaji ya ubongo yanayovuja. Ngoma ikishapona na damu ikaisha, halafu tofauti kati ya hewa na mfupa ibaki juu ya desibeli 30, shuku vifupa vilivyoachana. Hilo ni la upasuaji, na hospitali kubwa kama Muhimbili, KCMC na Bugando zina madaktari wa masikio, pua na koo wa kulitazama. Koklea iliyoumia haishonwi. Hapo tunazungumzia shimesikio, kile kifaa cha kukuza sauti kinachovaliwa sikioni, au kwa aliyeziwika kabisa masikio yote mawili, kipandikizi cha koklea, huduma iliyoanza Muhimbili mwaka 2017.

Wanaosikia kwa sikio moja hudharauliwa kwamba "si kiziwi huyo." Mtu huyo hajui honi imetoka upande gani. Mpeleke Kariakoo saa kumi jioni uone anavyovuka barabara.

Upande wa haki nako hasara ni kubwa. Bima ya gari, hata ile ndogo, ipo kwa ajili ya mtu wa tatu aliyeumizwa, lakini haiwezi kulipa uziwi ambao haumo kwenye karatasi. Daktari anayejaza PF3 aandike sikio gani, alichokiona kwenye ngoma, na matokeo ya mnong'ono. Kama hakupima, aandike kwamba usikivu bado haujapimwa, ili mlango usifungwe. Dereva, kondakta au mwajiriwa mwingine aliyeumia akiwa kazini ana haki ya kudai kupitia WCF, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, pia, na mwajiri wake ndiye wa kuanza kutoa taarifa.

Sheria ya ukomo inatoa miaka 3 kufungua kesi ya madhara, hivyo haraka ya kupokea hela haitoki kwa sheria. Inatoka kwa njaa, na kwa karatasi ile inayoletwa mapema yenye maneno kwamba umelipwa na huna dai lingine. Ukishaisaini, uziwi utakaogundulika baada ya miezi 3 ni wako peke yako. Asiyejua hali ya masikio yake asiweke sahihi mpaka audiogramu ya baada ya miezi 3 iwe mkononi, na nakala yake abaki nayo nyumbani.

Mpimaji wa usikivu,
Moshi