Walimu wa madarasa ya mtandaoni, nawaomba mnisikilize

Walimu wanangu,

Nilistaafu zamani, lakini moyo wangu haujatoka darasani. Nawaandikia juu ya watoto wanaoteswa, ambao sasa mnawaona kwa kamera tu.

Enzi zetu, mtoto aliyepigwa usiku alifika asubuhi akichechemea, na asipoonwa na mwalimu wa zamu, alionwa na mlinzi wa getini. Tena aliyempiga alibaki nyumbani. Shule ilimpa mtoto yule saa kadhaa za kupumua mbali naye. Mwaka 2020, shule zilipofungwa kwa ajili ya UVIKO-19, wanafunzi zaidi ya bilioni 1.5 duniani walitolewa madarasani, na kwa baadhi yao pumzi hiyo ilikatika. Shule zimefunguliwa, ila masomo ya mtandaoni yangalipo.

Kwa hiyo nawasihi: msimuulize mtoto mbele ya wenzake, "Kuna shida gani hapo nyumbani?" Anayemtesa huenda ameketi nyuma ya kamera, anasikia kila neno. Swali mliloliuliza kwa huruma litamponza mara kipindi kikiisha. Anzeni na swali la kujibiwa kwa ndiyo au hapana tu: je, uko peke yako? Tuongee baadaye?

Mtazameni anayegeuza macho pembeni kabla ya kujibu. Aliyekuwa mchangamfu, sasa wiki nzima kimya. Yule mdogo anayeshinda peke yake bila mlo, huku analea kichanga, naye yumo hatarini hata kama hajaguswa kwa kofi. Kamera iliyozimwa peke yake si ushahidi. Pengine mtandao ni dhaifu, pengine anaona haya na chumba chake.

Akiwafungulia moyo, msimwahidi kuficha siri. Mwambieni mmemsadiki na kwamba kosa si lake. Andikeni maneno yake kama alivyoyatamka, pamoja na siku na saa, myafikishe siku hiyohiyo kwa aliyepewa jukumu la ulinzi wa watoto shuleni. Akimtaja mzazi, msimpigie mzazi huyo kwanza kuulizia. Mtoto atalala naye nyumba moja usiku huo.

Hili la mwisho ni zito kwangu, maana linatuhusu sisi. Mwenye nia mbaya humtenga mtoto na kundi kidogo kidogo: ujumbe wa faragha, sifa nyingi, kizawadi, kisha "usimwambie mtu". Wapo waliofanya hivyo wakiitwa walimu. Basi msiwaandikie watoto kwa simu zenu binafsi, na kipindi cha mwanafunzi mmoja kijulikane na mkuu wenu. Mwenzenu akikasirishwa na utaratibu huo, msimwonee haya. Mfuatilieni.

Na kesho mkiita majina, yule ambaye hajaonekana tangu juma lililopita, msiishie kumwekea alama ya utoro. Tafuteni njia ya kumfikia kabla jua halijatua.

Mwalimu wenu mstaafu