Mafundi kompyuta wa Dodoma, kabla ya kufomati tuulizeni kwanza

Mhariri, habari za kazi. Naomba nafasi kwenye gazeti lako niseme jambo ambalo limenikaa rohoni toka mwezi wa kumi na moja mwaka jana, nalo ni hii tabia ya mafundi wetu hapa Dodoma, ukimpelekea laptopu imegoma baada ya kuipandisha Windows basi dawa anayoijua ni moja tu, kufomati, yani kufuta kila kitu kwenye diski, na kupiga Windows upya, hakuulizi imeanza lini, hakuulizi ilikuwa inafanya nini ilipozima, hakuulizi hata humo ndani una nini.

Mimi nina steshenari ndogo Ng'ong'ona, huku kwa wanafunzi wa UDOM, nachapa, naprinti, natoa kopi na kubaindi ripoti. Laptopu ninayo moja, niliinunua used lakini mashine nzuri, prosesa ya Intel kizazi cha 8, RAM GB 8, na humo ndimo kuna kazi za watu, kuna risechi za watoto wa watu ambazo wenyewe flashi zao zilishapotea au kuliwa na virusi kwa hiyo kopi iliyobaki ni ya kwangu. Naomba hilo lieleweke kwanza, maana fundi ukimwambia "kuna kazi za watu" anaitikia "usijali mama" huku bisibisi iko mkononi.

Kwa nini niliipandisha? Sababu Windows 10 Microsoft waliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025, matobo ya usalama yakigundulika sasa hayazibwi, labda uwe umejiandikisha kwenye ule mpango wao wa nyongeza ambao kwa watu wa kawaida wametangaza mwisho wake ni tarehe 13 Oktoba 2026. Sasa steshenari inaingiza flashi za kila mtu kuanzia asubuhi mpaka jioni, siwezi kukaa na mashine isiyolindwa. Na yenyewe ilikuwa inaniandikia kwamba inakidhi vigezo vya Windows 11, basi nikanunua bando la usiku, nikaiacha ikadownload, Jumamosi asubuhi nikaikuta iko Windows 11, faili zangu zote zipo, nikashukuru Mungu nikaenda zangu kanisani Jumapili bila wasiwasi.

Jumatatu nikafungua. Saa tatu hivi akaja kijana anataka nimfungulie imeili niprinti barua yake ya field, nikawasha hotspoti ya simu, laptopu ikashika Wi-Fi, haikumaliza hata dakika mbili skrini ikawa nyeusi tii, yakatokea maandishi meupe na asilimia zinahesabu, ikajizima ikawaka yenyewe. Nikaingia tena, nikashika hotspoti, ikarudia vile vile. Mara ya tatu nikawahi kuchukua kalamu nikaandika nyuma ya risiti yale maneno ya chini, DRIVER_IRQL_NOT_LESS_OR_EQUAL, na chini yake kulikuwa na jina la faili linaanza na Netwtw linaishia na .sys. Sikujua maana yake ila nilijua kama mashine inasema kitu basi nikiandike.

Jumanne nikaipeleka kwa fundi mmoja mjini, simtaji. Nikampa na ile risiti. Hakuisoma. Aliiwasha, akaona nyeusi, akaniambia mama hii board, yani ile sakiti kubwa ya ndani, imeenda, ingekuwa ni programu ingetoa rangi ya bluu. Hapo ndipo roho inaniuma, kwa sababu ile skrini ya bluu tuliyoizoea miaka yote Microsoft wenyewe waliibadilisha mwaka 2025 wakaifanya nyeusi kwenye Windows 11, ujumbe ni ule ule ila rangi imebadilika, sasa fundi anayekula kwa kazi hii hajui, na mimi mteja nikaambiwa niandae laki mbili na nusu ya board, au nimuuzie kama spea.

Alikaa nayo siku tisa. Kila nikipiga simu, kesho mama, kesho kutwa mama. Na hizo siku tisa ndizo zilizoniumiza kuliko hata maneno yake, kwa sababu Windows 11 ukiipandisha inakutunzia ile ya zamani kwenye folda inaitwa Windows.old kwa muda wa siku 10, ndani ya hizo siku unaingia Settings, System, Recovery, unabonyeza Go back inakurudisha Windows 10 na faili zako ziko pale pale. Siku ya 12 naifungua nyumbani kile kitufe kimefifia hakibonyezeki. Muda umeisha iko kwenye kabati la fundi, na hakunitamkia hata mara moja kwamba kuna kitu kama hicho.

Wa pili nilimfuata kule Majengo, huyu alikuwa mkweli kidogo, akasema sio board, niachie elfu 30 nakupigia Windows saa moja tu. Nikamuuliza na faili? Akasema nitajaribu kuokoa. Neno "nitajaribu" nikaliona halitoshi kwa kazi za watu, nikabeba laptopu yangu nikapanda daladala nikarudi.

Aliyenisaidia ni mtoto wa kaka yangu, alikuja kunisalimia kutoka Morogoro, hajasomea hata kompyuta anasomea kilimo. Naeleza alivyofanya kwa urefu maana hapa ndipo penye faida kwa wasomaji.

Kwanza aliomba ile risiti akaisoma. Akasema shangazi, hapa imeandika draiva, yani ile programu ndogo inayounganisha Windows na kifaa, na hilo faili la Netwtw ni la kadi ya Wi-Fi ya Intel, tuanzie hapo. Pili akaniuliza inazima saa ngapi, nikamwambia kila nikishika hotspoti, akatabasamu. Akashika kitufe cha Shift huku anabonyeza Restart, ikaja ile menyu ya rangi ya bluu, akaingia Troubleshoot, akaenda Advanced options, akaenda Startup Settings, ikawaka tena ikaleta orodha akabonyeza namba 4, hiyo ndiyo wanaita Safe Mode, Windows inawaka na vitu vya lazima tu, draiva ya Wi-Fi haipakiwi kabisa. Kwa ambaye yake haifiki hata kwenye skrini ya kuingilia, alisema ukiizima kwa nguvu mara mbili tatu ikiwa katikati ya kuwaka inakuletea yenyewe njia ya kufika kwenye menyu hiyo.

Tukaiacha kwenye Safe Mode toka saa kumi mpaka tumemaliza kula usiku, nikawa nafungua ripoti, nafunga, nafungua picha, haikuzima hata mara moja. Akaniambia shangazi, board iliyokufa haijui Safe Mode, ingekuwa ni board au RAM mara nyingi ingezima hata humu. Hakuishia hapo, akaitoa kwenye Safe Mode akaiwasha kawaida, Wi-Fi akaizima, akachomeka simu kwa waya wa USB tukapata intaneti kwa njia hiyo, ikakaa saa nzima. Akawasha Wi-Fi, dakika moja, nyeusi! Mimi nilipiga makofi, kwa kweli nilipiga makofi kuona laptopu yangu inazima, kwa sababu sasa tulijua ugonjwa uko wapi.

Alijaribu kwanza kuirudisha draiva ya zamani kupitia Device Manager, kile kitufe cha Roll Back Driver kilikuwa kimefifia pia, maana baada ya kupandisha mara nyingi ile ya zamani haipo tena. Basi akaingia kwa simu yangu kwenye tovuti ya kampuni iliyotengeneza laptopu, akatafuta modeli kamili iliyoandikwa kwenye kibandiko cha chini, akashusha draiva ya Wi-Fi ya Windows 11, akahamishia kwa waya, akaondoa iliyokuwepo akaweka hiyo, akarestati. Ilitumia MB chache tu za bando. Toka siku hiyo mpaka leo naandika haijazima, na ndiyo niliyochapia barua hii.

Board ya laki mbili na nusu, Mhariri.

Sasa mtu atasema mama wewe ulikuwa na bahati. Sawa. Lakini kuna binti mmoja mteja wangu, anasoma mwaka wa tatu, alikuwa amekusanya madodoso 112 vijijini Mpwapwa kuhusu wakulima wa karanga, ameyaingiza yote, na mahojiano amerekodi kayahamishia humo kwenye laptopu akafuta kwenye simu ili apate nafasi. Yake ilianza kuganda baada ya apdeti. Akapeleka kwa fundi, fundi akaingia BIOS, ile mipangilio ya mashine inayotangulia kabla ya Windows kuwaka, akaibadilisha, ilipowaka ikaomba namba za BitLocker, yani kufuli la diski la Windows, tarakimu 48. Fundi akasema imejifunga, dawa ni kufomati, akafomati. Basi. Nataka kila mwenye laptopu mpya ajue hili, Windows 11 hasa matoleo ya karibuni ukiingia kwa akaunti ya Microsoft mashine nyingi zinafunga diski zenyewe bila hata wewe kuambiwa vizuri, na zile namba 48 zinatunzwa kwenye akaunti yako, unaingia kwa simu ya mtu yeyote kwenye akaunti hiyo, unaziona, unaziandika, mashine inafunguka. Binti akaunti anayo, nenosiri analikumbuka, ingekuwa kazi ya dakika tano. Hakuulizwa.

Sisemi kila laptopu ni draiva. Dodoma hapa tuna vumbi letu, kuanzia mwezi wa saba upepo unavyopiga hata ukifunga dirisha asubuhi meza inaandikika kwa kidole, na hilo vumbi linaingia kwenye feni, sasa Windows mpya siku za mwanzo inafanya kazi nyingi nyuma ya pazia, prosesa inachemka, feni imeziba, inazima. Ila hiyo inazima ghafla kama umeme umekatika, haitoi maandishi, na ukishika chini ni moto, dawa yake kufungua na kupuliza na kubadilisha ile pesti ya kupoza prosesa, sio kufomati. RAM nayo ikiwa mbovu mara nyingi utaona ujumbe tofauti, leo huu kesho ule, na Windows ina kipimo chake cha RAM humo humo, unaandika mdsched pale kwenye kutafutia, ni bure. Na kuna hizi mashine za Intel za kizazi cha 6 na cha 7 ambazo karibu zote Microsoft hawazikubali kwa Windows 11, mafundi wanazipitisha kwa njia za panya wanawapigia watu bila kuwaambia, zikianza kusumbua mteja anarudi kulipa tena. Hapo mimi naona ni kosa kubwa, kama umeamua kumpitishia mtu mwambie kabisa kwamba mashine yako haimo kwenye orodha na apdeti hazina uhakika, achague mwenyewe, pengine angebaki na 10 kwenye ule mpango wa nyongeza au angewekewa Linux, mfumo mwingine wa bure badala ya Windows, akachapa barua zake bila shida.

Ninachoomba kwa mafundi si kikubwa. Mkipokea mashine andikeni kwenye karatasi imepandishwa tarehe ngapi, maana zile siku 10 zinahesabika hata ikiwa kabatini kwenu. Ikitoa maandishi pigeni picha muyasome, simu mnazo. Iwasheni Safe Mode kabla ya kutaja bei ya board. Na kama kweli imefikia kufomati, toeni diski, ichomekeni kwenye mashine nyingine, mkopi vitu vya mtu, au kama imefungwa muulizeni akaunti yake, alafu ndio mfomati, na mtutoze kwa hiyo kazi, mimi ningelipa hata elfu 50 kwa fundi wa kuniulizia mafaili. Najua mnafanya kazi kwenye vibanda vya joto, wateja wana haraka na wengine hawalipi, nami nina kibanda najua. Lakini laptopu ya mtu huku kwetu mara nyingi ndiyo duka lake.

Na sisi wateja, tukiona inatuambia tupandishe, tukopi kwanza vitu kwenye diski ya nje. Mimi sasa kila mwanafunzi anayeniambia amepandisha namkatia kipande cha gundi ya karatasi namwandikia tarehe ya leo na tarehe ya siku ya 10, nambandikia chini ya laptopu pembeni ya modeli.

Yule binti wa Mpwapwa mahojiano hayakupatikana, ila madodoso ya karatasi alikuwa ameyatunza kwenye kiroba nyumbani kwao. Anakuja dukani kwangu jioni nikishapunguza wateja, anakaa kwenye mashine yangu anayaingiza upya, jana usiku tumefunga akiwa kwenye la 64.

Mama wa Steshenari,
Ng'ong'ona, Dodoma