"Careen" ina maana mbili, mtoto hakukosea

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi kidogo. Mpwa wangu yuko kidato cha pili hapa Lamu, juzi karudi na karatasi ya Kiingereza imetiwa eksi nyekundu kubwa. Aliulizwa maana ya "careen" akaandika ni kulaza chombo cha baharini ubavu ili kisafishwe chini, mwalimu akakata, akaandika pembeni ni gari kwenda mbio huku linayumba. Yule mtoto hakubahatisha mhariri, babu yake ni fundi wa mashua Matondoni na likizo zote yeye ndo anashika kamba.

Manake hiyo ndo asili yake hasa. Limetoka Kilatini, carina, yaani mkuku, ule mti mrefu wa chini kabisa wa chombo, likapitia Kifaransa likaingia Kiingereza mwishoni mwa miaka ya 1500. Mabaharia wa kizungu walikuwa wanafanya kazi ile ile tunayoijua huku, unangoja bamvua, yaani siku za maji kujaa na kupwa sana, maji yakijaa unakisogeza chombo pwani, yakipwa kinabaki mchangani mnakilaza upande mmoja, mnakwangua yale magamba na majani yalioganda, mnapitisha moto wa makuti, panapovuja mnatia kalafati ya pamba, halafu shahamu na chokaa, na lazima mfanye haraka manake maji hayamngoji mtu, upande wa pili mtaungoja yapwe tena. (Hilo kalafati nalo Waarabu na Wareno wanalo karibu vile vile, nikilisikia hufurahi sana.)

Maana ya mbio ipo, sikatai. Chombo kikilazwa kinainama, ndo likaanza kutumika kwa kitu kinachoyumba, hiyo ya kasi ikashika zaidi Marekani karne ya 20, na wengi wanasema ni kwa kuchanganywa na "career", kitenzi kingine cha kwenda mbio ambacho asili yake ni carrus, gari la magurudumu, mkuku haumo kabisa. Kamusi kubwa zinaweka maana zote mbili.

Kilichoniuma ni kwamba mtoto amefuta jibu lake kwenye daftari pia, amesugua mpaka karatasi imetoboka. Tafadhali mhariri, kwenye ukurasa wenu wa wanafunzi chapisheni maana zote mbili na ile ya chombo iwe ya kwanza, gazeti nitampelekea mwalimu mwenyewe kwa heshima zote nimuombe aitazame tena ile karatasi.

Mjomba mtu, Lamu