Barua ya Wazi kwa Rais wa Ukraine: Tupewe Majibu ya Ajali ya Zhytomyr

Mheshimiwa Rais Volodymyr Zelensky,

Nakuandikia kwa heshima zote, mimi Mtanzania niliyekuja Kharkiv kusomea udaktari, nikaolewa huko, na ambaye leo shemeji yake anajifunza urubani katika jeshi lako. Tumepata habari kwamba rubani Oleksiy Mes alifariki tarehe 26 Agosti 2024 akiwa kwenye F-16, ndege ya kivita ya Kimarekani, akipambana na makombora ya Urusi. Msiba huo umetutonesha kidonda cha mwaka 2023.

Tarehe 25 Agosti 2023, ndege mbili za mafunzo aina ya L-39 ziligongana angani mkoani Zhytomyr, wakafa marubani watatu, mmoja wao Andrii Pilshchykov, ambaye wengi tulimjua kwa jina la Juice. Kijana huyu wa Kharkiv alipigana kwa MiG-29, ndege ya kivita ya Kisovieti, kuilinda anga ya Kyiv, kisha mwaka 2022 akaenda Washington pamoja na Mes kuwaeleza Wamarekani kwa nini ndege za enzi za Kisovieti hazitoshi. Denmark na Uholanzi zilitangaza kutoa F-16 siku tano tu kabla ya kifo chake. Alizipigania ndege hizo na hakuwahi kuzirusha vitani. Adui alimkosa, akafia mazoezini, na hilo ndilo linalonikereketa mpaka leo.

Mheshimiwa, siku iliyofuata ulilihutubia taifa, ukasema ni mapema mno kueleza undani, lakini mazingira yote ya ajali yatabainishwa. Tulikuamini, tukanyamaza, maana nchi iko vitani. Zaidi ya mwaka umepita, na nyumbani kwetu hatujasoma taarifa yoyote iliyokamilika. Mimi si mtaalamu wa anga. Nashuku uchovu wa watu wanaotoka vitani na kurudi mazoezini bila kupumzika, au ndege kuruka zikiwa zimekaribiana kupita kiasi. Ni dhana tu. Ofisi niliyoipigia simu ilinijibu nisubiri, na nilipopiga tena nikaambiwa vivyo hivyo.

Shemeji yangu akimaliza kuruka hututumia neno moja: "Nimetua." Likichelewa, mama mkwe hukaa jikoni, simu ameilaza juu ya meza, hali wala hazungumzi, nami najikuta natetemeka mikono mbele ya wagonjwa wangu. Nimechoka, Mheshimiwa. Vita tumeikubali kwa sababu hatukuichagua, lakini mazoezi yanapangwa na watu walio chini ya amri yako, na wanaopanga wanaweza kuulizwa.

Toa taarifa ya uchunguzi ule. Yaliyo siri ya kijeshi yafiche, hatuyadai. Tuambie tu nini kilisababisha ndege zile kugongana na nini kimebadilishwa tangu siku ile, kwa sababu vijana wanaendelea kupanda ndege za mafunzo kila wiki. Uliahidi. Tunaomba taarifa hiyo.

Wako kwa heshima,
Shemeji wa rubani mwanafunzi