Barua ya wazi kwa Afisa Elimu: mwalimu wa hisabati uliyetuahidi yuko wapi?

Ndugu Afisa Elimu wa wilaya yetu,

Nakusalimu kwa heshima. Mimi ni mzazi, dereva wa basi dogo kati ya Mtwara na Masasi. Jumatatu binti yangu wa kidato cha nne amerudi na karatasi ya mtihani wa utamilifu wa hisabati: alama 11 kati ya 100. Hakulia. Aliiweka mezani, akachukua ndoo akaenda kuteka maji. Ningemwona analia ningembembeleza. Ule ukimya ndio umenishikisha kalamu.

Kuna swali limeniuma. Basi linaondoka Mtwara saa 12 asubuhi kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa. Saa 1 gari dogo linalifuata njia ileile kwa kilomita 90 kwa saa. Litalikuta saa ngapi? Ndugu Afisa, hiyo ni barabara yangu. Nilijibu hata hajamaliza kunitafsiria: basi limetangulia kilomita 60, gari dogo linapunguza 30 kila saa, kwa hiyo ni mwendo wa saa mbili tu. Watakutana saa 3, kilomita 180 kutoka Mtwara, Ndanda wameshaipita na Masasi bado kidogo. Akaniuliza, "Sasa baba, naandikaje?" Nikakwama.

Mtihani hautaki kichwa cha dereva. Unataka muda wa basi uitwe t, wa gari dogo uwe t kutoa 1 kwa kuwa limechelewa saa moja, halafu umbali wa hili uwe sawa na wa lile: 60t = 90(t − 1). t inakuwa 3. Hayo nimeelekezwa juzi na abiria wangu, kijana wa chuo, tukisubiri gari lijae stendi. Zilimtosha dakika kumi. Mwanangu hajazipata dakika kumi hizo mwaka mzima.

Na makosa yake si ya uvivu. Karatasi inahesabu saa kwa Kiingereza, saa 12 yetu ya asubuhi imeandikwa 6, naye akaisoma saa sita. Penye saa moja na nusu akaandika 1.30 badala ya 1.5, akazidisha kwa 90 akapata 117 wakati ni 135. Kwenda kwa 60 na kurudi kwa 40, wastani akasema 50. Ni 48, kwa sababu kurudi kunakula muda mwingi zaidi: njia ikiwa kilomita 120, unakwenda kwa muda wa saa 2, unarudi kwa muda wa saa 3, jumla kilomita 240 kwa saa 5. Mwalimu angeyaona haya siku ya kwanza tu akakagua daftari.

Lakini mwalimu hayupo. Aliyekuwepo alihamishwa mwaka jana. Januari ulisimama mbele ya wazazi ukasema baada ya Pasaka mwingine atakuwa ameripoti. Nilikaa benchi la pili na nilikupigia makofi. Pasaka imepita, Juni imepita. Nimekuja ofisini kwako mara mbili, na kila nilipokuja gari lililala, hesabu ya siku ya tajiri mwenye gari ikabaki deni langu. Mara ya kwanza niliambiwa uko kikaoni. Mara ya pili, kwamba suala liko ngazi za juu.

Huenda walimu wanapangiwa kwetu wakaona hakuna nyumba ya kuishi, wakaomba kuhama. Huenda barua imelala kwenye faili. Vyovyote iwavyo, uliyetuahidi ni wewe, na mimi sina mwingine wa kumuuliza. Wazazi tulitaka kuchanga tumlipe kijana wa kujitolea, lakini korosho ndiyo kwanza zinatoa maua, na hela ya mnada haitaonekana kabla ya Oktoba. Mtihani wa taifa ni Novemba.

Nilikuwa nimepanga kukuomba mengi: vitabu, madawati, choo cha wasichana. Nayaacha. Naomba mwalimu mmoja wa hisabati. Wa kudumu akikosekana, tuazime wa shule jirani, siku mbili kwa wiki, mpaka watoto wafanye mtihani. Mwalimu mmoja, Ndugu Afisa, siku mbili. Akiwa anatokea upande wowote wa barabara yangu, nitampakia asubuhi na kumrudisha jioni, na sitamtoza nauli.

Mzazi wa kidato cha nne,
Mtwara