Heri ya Vesak, jirani zangu

Heri ya Vesak, ndugu na jirani zangu Wabuddha: ninyi mlio Dar es Salaam kwenye hekalu lile walilolijenga Wasinghala mwanzoni mwa karne ya 20, na jamaa zenu huko Sri Lanka na kwingineko. Kwetu pwani uso mzuri husifiwa kuwa ni kama mwezi wa kumi na nne. Chini ya mwezi huohuo ninyi mnakumbuka kuzaliwa kwa Buddha, kupata kwake nuru chini ya mti kule Bodh Gaya katika jimbo la Bihar, na kufariki kwake.

Mimi ni Muislamu, niliyesomeshwa na maalimu juu ya mkeka. Ndiyo maana moyo wangu katika sikukuu yenu unaelekea Nalanda, kule kule Bihar nchini India. Nalanda kilikuwa chuo cha Kibuddha. Kilianza karne ya 5, enzi za mfalme Kumaragupta wa Kwanza, nacho kikadumu miaka zaidi ya 700.

Mtawa wa Kichina Xuanzang alifika hapo mnamo 637, baada ya kuvuka majangwa na milima, akakaa miguuni pa Shilabhadra, mkuu wa chuo aliyekuwa mzee sana. Ameacha habari kwamba mtihani ulianzia mlangoni: bawabu alimuuliza mgeni maswali magumu, na katika kila 10, 7 au 8 waligeuza njia wakarudi. Yeye alirejea China mwaka 645 na vitabu 657, vimepakiwa juu ya farasi 20. Miaka thelathini hivi baadaye akaja Mchina mwingine, Yijing, na huyu ndiye aliyenikaribisha ndani hasa. Anasema kulikuwa na mabwawa makubwa zaidi ya 10, na kila asubuhi kengele ikilia watawa walitoka na shuka zao za kuogea, pengine 100, pengine 1,000 kwa mara moja. Nikisoma hapo nasikia hata maji yakimwagika.

Na chuo kilikula nini? Yijing anataja vijiji zaidi ya 200 vilivyotolewa na wafalme, mapato yake yakawalisha wasomaji. Karne ya 9 mfalme Balaputradeva, wa ng'ambo ya bahari huko Sumatra, alijenga makao ya watawa Nalanda, kisha akamwomba mfalme Devapala wa Bengal na Bihar ayatengee vijiji 5. Bamba la shaba lenye hati hiyo lilifukuliwa mwaka 1921. Limeandikwa mapato yaende wapi: chakula, mavazi na dawa za watawa, kunakili vitabu, kukarabati jengo likichakaa. Sisi tungeiita wakfu, wala pasingekuwa na la kuongeza.

Mnamo 1200 askari wa jemadari Bakhtiyar Khalji waliivamia Bihar. Watawa waliuawa, vyuo vikaangamizwa. Askari wale walikuwa wa dini yangu, nami siwezi kuwapa ninyi mkono wa sikukuu huku nimelifumba hilo. Linaniuma.

Lakini mwaka 1235 alikuwapo Nalanda mwanafunzi kutoka Tibet, Dharmasvamin. Majengo mengi yalikuwa magofu. Katikati ya magofu hayo alimkuta mwalimu Rahulashribhadra, mzee wa miaka zaidi ya 90, bado anasomesha, na wanafunzi kama 70 wamemzunguka. Siku moja ikaja habari kwamba askari wako njiani. Watu wakakimbia. Mzee hakuweza kukimbia, na Mtibeti hakukubali kumwacha. Akamweka mgongoni, akachukua na chakula kidogo, wakaenda kujificha katika hekalu lililokuwa jirani. Askari 300 walifika, wakatafuta, wakaondoka. Wale wawili hawakuonekana.

Mara ngapi nimemwaza mzee yule! Mifupa mitupu, mikono imeshika mabega ya kijana aliyetoka nchi ya theluji, na kichwani mwake ipo sarufi ya Kisanskriti ambayo kijana amevuka milima kuifuata. Hatari ilipopita, masomo yaliendelea.

Leo matofali mekundu ya Nalanda yamefukuliwa, na tangu 2016 yamo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Vyumba vidogo vya wanafunzi vinaonekana, vimepangwa kuzunguka ua. Mungu akinijalia, nitafika.

Basi, jirani zangu, usiku huu mkizitundika taa zenu za karatasi, naomba moja iwe ya Dharmasvamin na mzee wake. Mimi baada ya Isha nitakwenda kwa maalimu wangu. Siku hizi haoni vizuri, hupenda asomewe. Mwezi utakuwa mweupe, sitahitaji tochi. Heri ya Vesak, nyote na watoto wenu.