YAH: MALALAMIKO KUHUSU KIGARI CHA MFANO CHA MERCEDES NAMBA 20 NA NILIVYODHALILISHWA KWENYE KAUNTA YENU

Ndugu Meneja,

Salaam. Husika na kichwa cha habari hapo juu. Oda yangu mnayo kwenye kompyuta, risiti ninayo mimi, na masharti ya kubadilisha bidhaa mliyaandika wenyewe, kwa hiyo sitawasomea.

Niliagiza vigari vitatu vya mfano vya mashindano ya magari ya saa 24 ya Le Mans, Ufaransa, ya Juni 1955: Jaguar D-Type namba 6 ya Mike Hawthorn na Ivor Bueb, Austin-Healey namba 26 ya Lance Macklin, na Mercedes-Benz 300 SLR namba 20 ya Pierre Levegh na John Fitch. Viwili vya kwanza vimefika salama, sina neno navyo. Cha tatu mkaniletea namba 722.

Namba 722 haikukanyaga Le Mans. Ni gari ambalo Stirling Moss na Denis Jenkinson walishindia mashindano ya barabarani ya Mille Miglia kule Italia tarehe 1 Mei mwaka huohuo, na namba yake ni saa waliyoondoka Brescia, 7:22 asubuhi kwa saa za Ulaya. Ni gari la heshima, ila sikuliagiza. Mgongoni halina bamba la breki, na hilo bamba ndilo lililonitoa pesa mfukoni.

Mimi ni mkufunzi wa ufundi wa magari. Mwaka ule Jaguar walikuja Le Mans na breki za diski, yaani sahani iliyo wazi inayobanwa pande mbili, magurudumu yote manne. Mercedes walikuwa bado na breki za ngoma, zinazosugua ndani ya ngoma iliyofunikwa, na fundi yeyote anajua ngoma ikishapata moto breki inalegea. Sasa fikiria gari linatoka barabara iliyonyooka ya Mulsanne, hapohapo Le Mans, likiwa zaidi ya kilomita 250 kwa saa, linatakiwa lipunguze mwendo kwa ngoma hizo, mzunguko baada ya mzunguko, usiku na mchana. Ndipo wakafunga bamba pana nyuma ya dereva, linalonyanyuliwa kwa haidroliki, upepo ulipige na kulivuta gari nyuma. Mwanafunzi akiliona bamba limesimama, kando yake kuna Jaguar isiyolihitaji, somo la diski na ngoma limeisha. Nilinunua kifaa cha kufundishia. Sikununua pambo la kabati.

Sasa nije kwenye kaunta yenu.

Nilikuja kubadilishiwa ile 722, na kijana wenu aliitoa namba 20 stoo. Bamba lilikuwa limelala, limeshikwa na bawaba mbili nyembamba kama unywele. Nikamwomba anipe nilinyanyue kwa ukucha, kama karatasi ya maelekezo inavyosema. Akanijibu, "Ngoja, mzee," akachukua ufunguo wa pikipiki yake akalichokonoa kwa ncha. Bawaba ya kushoto ikakatika. Akakirudisha kigari kwenye boksi, akanisukumia, akasema kwa sauti iliyofika mlangoni: "Umeshavunja, mzee. Hatupokei kitu kilichovunjwa na mteja." Nyuma yangu kwenye foleni alisimama mwanafunzi wangu.

Nilipomwambia aite msimamizi, akaongeza kwamba mtu mzima hagombanii kidude cha kuchezea watoto.

Ndugu Meneja, hicho anachokiita kidude ni mfano wa gari lililoua watu. Tarehe 11 Juni 1955, jioni, Hawthorn alimpita Macklin, kisha akakanyaga breki aingie kwa mafundi wake. Macklin akakwepea kushoto. Levegh alikuwa anakuja nyuma kwa kasi, akampanda kwa nyuma, gari likaruka hadi kwenye tuta na kusambaratika, vyuma vikaingia katikati ya watazamaji. Walikufa watu zaidi ya 80, na Levegh mwenyewe. Bodi ilikuwa na magnesiamu, ikawaka moto usiozimika kwa maji. Usiku uleule Mercedes wakayaondoa magari yao yaliyobaki, gari la Juan Manuel Fangio na Moss likiwa linaongoza, na ushindi ukaenda kwa Hawthorn na Bueb. Hata uchunguzi rasmi uliofuata haukumtia hatiani dereva yeyote. Ulitazama na barabara yenyewe, nyembamba, isiyotenganishwa na eneo la mafundi. Vifo vyote vile, watu wakakaa wakachunguza. Kijana wenu mimi alinihukumu kabla sijajitetea.

Na kabla ya siku ile ya kaunta nilishapiga simu dukani kwenu, nikajibiwa kwamba 722 na 20 "si zote Mercedes, zote silva?" Hilo nilikuwa tayari kulisamehe.

Lakini narudia habari ya kaunta, kwa sababu barua pepe yenu inasema kigari "kiliharibika wakati mteja akikikagua". Sikukigusa! Viganja vyangu vyote viwili vilikuwa juu ya kioo cha kaunta. Ufunguo ulikuwa mkononi mwake. Aliuingiza chini ya bamba upande wa kushoto, akauzungusha, nikasikia mlio wa kukatika. Kipande cha bawaba kikadondoka juu ya kioo mbele yangu, na yeye akakipuliza kwa mdomo kikaenda sakafuni. Akakipuliza, Ndugu Meneja, huku ananitazama! Kisha akachukua kalamu akaandika kwenye risiti yangu "imevunjwa na mteja". Mwanafunzi ninayemfundisha kwamba fundi akiharibu kitu cha watu anasema ameharibu, akashuhudia mkufunzi wake akiitwa mwongo. Kamera yenu iko juu ya kaunta ileile. Itazameni.

Nilipofika dukani nilitaka kubadilishiwa tu. Leo nataka namba 20 nyingine yenye bamba zima, mniletee chuoni kwa gharama zenu, maneno yale yafutwe kwenye kumbukumbu zenu, na niombwe radhi kwa maandishi. Na radhi hiyo isainiwe na wewe, siyo "Huduma kwa Wateja". Tena nauli yangu ya kwenda na kurudi mtailipa.

Nawapa siku 14 tangu mpokee barua hii. Zikipita, sitaki tena kubadilishiwa: nitarudisha vigari vyote na mtanirudishia pesa yote ya vyote vitatu. Mkikataa, malalamiko yangu yatakwenda Tume ya Ushindani, na kutoka hapo mahakamani, ambako nitaomba picha za kamera hiyo zitolewe. Zikionekana zimefutwa, nitaomba mweleze nani alizifuta na lini. Chuo chetu nacho kinanunua vifaa kwenu. Barua ya kusitisha nimeshaiandaa, inasubiri saini.

Wenu,

Mkufunzi, ufundi wa magari
Morogoro

Nakala: Mkuu wa Chuo
Viambatisho: risiti yenye maandishi ya kijana wenu; picha ya bawaba iliyokatika